Kikao cha tathmini ya misheni ya Iringa, Jumamosi saa 10 jioni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwanza dawa za kuzuia malaria. Mnaomeza doksisaiklini endeleeni wiki 4 tangu siku mliyoondoka Tanzania. Wa Malarone siku 7. Wengi huacha wakishafika nyumbani, kumbe vimelea bado vimejificha kwenye ini. Homa ikija, hata baada ya miezi kadhaa, mwambieni daktari mlikuwa wapi.

Tutasoma Marko 6:30-31: mitume walitoa taarifa ya kazi, ndipo wakaitwa kupumzika. Kila mmoja aje na karatasi ya ahadi alizowapa wenyeji, hata ile ya "nitakutumia picha". Isiyoandikwa husahaulika, na anayebaki kuulizwa ni mchungaji wa kule. Tafadhali sana, picha za watoto zisipandishwe mtandaoni.