Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu Ndani ya Kanisa la Sant'Ignazio, Roma

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati iache desturi ya kutupitisha makanisa matano kwa siku moja, badala yake tujifunze kanisa moja la Baroko, mtindo wa sanaa na ujenzi wa Ulaya wa karne ya 17, hadi tulielewe. Tulichagua Sant'Ignazio, hapa Roma, lililoanza kujengwa mwaka 1626 kwa ramani ya Orazio Grassi, padre Mjesuiti (wa Shirika la Yesu) aliyekuwa pia mwanahisabati.

Muda wetu mwingi uliishia darini. Kuba la kweli halikujengwa. Mwaka 1685 Bruda Andrea Pozzo, mchoraji Mjesuiti, aliweka mahali pake turubai la duara, tambarare kabisa, lililochorwa nguzo na madirisha kwa ustadi ambao humfanya aingiaye aamini kwamba kuna kimo kirefu juu yake. Ukisogea karibu na altare kuu, nguzo zile hulala upande. Dari la ukumbi mkuu alilikamilisha mwaka 1694, akaziendeleza kuta kwa rangi kupita ukomo wake halisi mpaka mawinguni, nazo husimama wima kwa yule tu aliyekanyaga duara la marumaru lililowekwa sakafuni. Ndiyo maana niliwasihi wote mwondoke pale mtembee: uzuri wa kazi ile, kwa maoni yangu, hujulikana pale inapopinda, kwa kuwa hapo ndipo hesabu ya mchoraji inapoonekana.

Mjadala mrefu kuliko yote ulihusu Afrika. Katika mchoro wa dari hilo nuru inamtoka Kristo, inamfikia Mtakatifu Ignasi, mwanzilishi wa Wajesuiti, kisha inagawanyika kuyaelekea mabara manne, na Afrika ni mwanamke mweusi mwenye mamba. Baadhi yenu mlifurahi kuiona pale, wengine mkauliza kwa uchungu mbona tutambulishwe kwa mamba. Pozzo alifuata alama zilizozoeleka kwa wachoraji wa Ulaya wa wakati wake, na Afrika yenyewe hakuifahamu. Jambo hilo tuliseme wazi kila tunapowaongoza wageni.

Altare ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga, yenye nguzo za kusokotwa na mchongo wa marumaru wa Pierre Legros, tuliipita haraka mno, na kosa hilo ni langu. Kamati inaomba mridhie tuanzie hapo mwaka ujao, asubuhi, kabla ya umati kujaa.