Majina ya waliozama yashushwe pwani

Mhariri,

Baba yangu alikuwa mvuvi hapa Mombasa. Katika diko letu, pale wavuvi wanapofikia pwani, mashua isiporudi, wazee walingoja siku kadhaa wakimuuliza kila nahodha anayeingia. Maiti isipoonekana, watu walipanga safu wakaswali sala ya ghaibu. Kaburi la kwenda halikuwapo, ila jina la marehemu lilitajwa kwa sauti, na kila mtu alilisikia.

Huyakumbuka hayo kila ifikapo tarehe 12 Februari. Jumamosi ya tarehe hiyo mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka bandari ya Kilindini hapa Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa chini ya dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, zaidi ya 600 kati yao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kuna waliosalimika wakawa wanaelea. Nyambizi ikajificha chini yao, na manowari za Uingereza zikaifuata kwa mabomu, palepale watu walipokuwa wakipigania roho zao.

Majina ya askari hao yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Panatunzwa vizuri, sina lawama. Lakini ni bara, safari ya usiku mzima kwa basi kutoka bandari waliyoondokea. Sisi Mombasa tunayo sanamu ya askari, nayo iliwekwa kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vya 1914–1918.

Ninaomba majina yale yaandikwe pia hapa pwani, wavuvi wanaposhushia samaki. Yasiwekwe kwenye bustani yenye ua na mlinzi. Penye mnada wa samaki hupita watu tangu alfajiri, na ndio wanaojua maana ya kufiwa na mtu asiyeonekana tena.

Watakuwapo watakaosema vita vile havikuwa vyetu. Kweli, havikuwa. Lakini mashua nyingi pia si za wanaozipanda, ni za matajiri. Ikizama, hatumuulizi marehemu alikuwa akimvulia nani kabla ya kumswalia. Na hata kama wengi wao walikuwa watu wa bara, ambao huenda hawakuwahi kuiona bahari kabla ya wiki ile, hiyo kwangu ni sababu ya kuwahurumia zaidi.

Wahusika wakikubali, wasituletee kibao cha chuma. Chumvi itakila kabla ya masika ya tatu. Watumie jiwe, na herufi ziwe kubwa na za kina, za kusomwa na mtu mwenye kapu la samaki kichwani bila kulitua.

Mtoto wa mvuvi,
Mombasa