Risala ya Akina Mama Wafinyanzi wa Ujiji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu, walimu na wanafunzi, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi chini ya mwembe huu.

Kikundi chetu kina akina mama 14 na vijana 6. Tulianza na vikoba tu. Ufinyanzi ulikuja mwenzetu alipofiwa na mama yake. Katika kugawana vitu vya marehemu, vitenge na sufuria viligombewa. Chungu cha maji kikabaki uani, hakina mwenyewe. Akakichukua yeye. Chini ya mdomo wake kimezungushiwa alama za gunzi la mahindi, na mahali pamoja dole gumba limedidimia. Ni dole la mama yake. Kila aliyefika kumpa pole aliweka kidole pale, na wengi wetu tulilia upya. Wiki ileile tukamfuata bibi anayeijua kazi hii, tukamwomba atufundishe.

Bibi alitukataza kutupa vigae. Chungu kikivunjika tunakitwanga, tunachekecha, unga wake tunauchanganya na udongo mbichi ili chungu kipya kisipasuke motoni. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ndani ya vyungu hivi vilivyo mezani mmo vyungu vya bibi zetu.

Tunaulizwa, chungu cha nini na ndoo za plastiki zimejaa sokoni? Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakikauka kwa nje, ya ndani hubaki baridi. Lakini wateja wetu hawafuati ubaridi peke yake. Mzee mmoja alipewa kata ya maji, akanywa, akanyamaza kitambo. Akasema, "Haya ni maji ya kwa mama." Alinunua viwili.

Watu wa Kigoma tunalielewa hili kupitia Liemba yetu. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito ili zisipate kutu. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Aliyepaka grisi ile hakutaka meli ife. Na bibi yetu, anapotushika vidole kutuonyesha unene wa udongo, tunaona nia ileile.

Mheshimiwa, tuna shida. Novemba iliyopita mvua ilikuta vyungu 31 vikianikwa, vyote vikarudi kuwa tope. Tunaomba banda la kuanikia. Tunaomba pia chumba cha kutunzia vitu vya zamani tulivyoletewa na majirani, yaani vinu, mawe ya kusagia, pasi za mkaa, chemli na redio ya mbao, maana sasa vimelala chini ya kitanda cha katibu. Zaidi ya yote, eneo tunalochimba udongo limeanza kupimwa viwanja. Tunaomba lisigawiwe lote.

Tafadhali pokea chungu hiki. Usiku wa kwanza kijaze maji, asubuhi uyamwage, ndipo uanze kunywea. Dole gumba lililo chini ya mdomo ni la bibi.

Tunaomba kuwasilisha.