Kwa wazee wenzangu mnaoishi na aota iliyotanuka

Mlionitangulia kwa umri, shikamooni. Wengine wote, nawasalimu.

Nawaandikia nyinyi mliokwenda kupimwa figo au kibofu, mkarudi na karatasi inayosema aota ya tumboni, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, imetanuka. Kuna anayeacha hata kutembea kwa hofu kwamba mshipa utapasuka njiani, na kuna anayeificha karatasi kwa kuwa hasikii maumivu popote. Wote wawili wanajidhuru.

Aota ya tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ikifika 3 huitwa aneurisimu. Majaribio mawili makubwa, la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 1998 na la Marekani la mwaka 2002, yaliwalinganisha waliopasuliwa mapema, mshipa ukiwa kati ya 4 na 5.5, na waliofuatiliwa kwa vipimo tu. Waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi. Ndiyo maana mwanamume kwa kawaida hushauriwa upasuaji akifika 5.5. Kwa mwanamke mshipa hupasuka ukiwa mdogo zaidi, hivyo mazungumzo huanza kwenye 5. Daktari akikwambia usubiri, hajakutupa. Lakini kusubiri huko kuna kazi.

Ratiba ya altrasaundi inayofuatwa na wengi ni kila miaka 3 mshipa ukiwa chini ya 4, kila mwaka ukiwa kati ya 4 na 4.9, na kila miezi 6 ukivuka hapo. Kwingine hupimwa mara nyingi zaidi. Weka daftari lako: tarehe, namba, na aina ya kipimo. Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko altrasaundi kwa milimita kadhaa, tena mpimaji mmoja huanzia ukuta wa ndani wa mshipa, mwingine wa nje. Ukilinganisha 4.6 ya altrasaundi na 5.0 ya CT utadhani mshipa umekua kwa kasi, kumbe ni vipimo viwili tofauti. Ukuaji wa kweli unaozidi sentimita 1 kwa mwaka ndio unaodai kuonana na bingwa wa mishipa ya damu bila kungoja.

Anayevuta sigara aache. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia aneurisimu isikue, ila sigara tunajua inaikuza na inaipasua. Presha iwe chini ya 130 kwa 80 ikiwa daktari wako anaafiki. Ipime nyumbani baada ya kukaa kimya dakika 5, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili, uandike zote. Dawa za statini usiziache eti kolesteroli imeshuka: aneurisimu ikiwa ndogo, moyo na kiharusi ndivyo vinavyotuua zaidi kuliko mshipa wenyewe. Na ukiandikiwa antibayotiki, kama tunavyoandikiwa mara kwa mara kwa maambukizi ya mkojo, taja aneurisimu yako. Siprofloksasini na levofloksasini zilitolewa tahadhari na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2018 kwa sababu zinahusishwa na kupasuka kwa aota. Uliza kama ipo nyingine ya kutosha.

Tembeeni, tafadhali. Dakika 30, siku 5 za wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Hatari haiko kwenye miguu, iko kwenye kubana pumzi. Ukiinua ndoo iliyojaa huku umebana pumzi, presha inaruka juu kwa ghafla. Isogeze ndoo karibu na mwili, kunja magoti, kisha toa pumzi mdomoni wakati unanyanyuka. Mzigo usioweza kuuinua bila kubana pumzi, mwachie mwingine. Hata chooni ni hivyo hivyo: kunywa maji, kula mboga, usijikaze.

Matembezi hayo yana faida ya pili, kwani siku ya upasuaji ikifika utapimwa kwa nguvu zako kabla ya umri wako. Anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama ana nafasi nzuri zaidi ya kuvuka salama.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufungua tumbo na kushona mrija wa kitambaa mahali pa sehemu iliyotanuka: takriban wiki moja hospitalini, miezi 2 au 3 ya kurudisha nguvu, na baadaye hernia (utumbo kutokeza chini ya ngozi) huweza kutokea kwenye kovu. Ya pili ni kupitisha mrija wenye stenti, yaani kiunzi cha waya kinachoushikilia ndani ya mshipa, kupitia kinena. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2004, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 4.7 kwa njia ya kwanza na 1.7 kwa ya pili. Nafuu hiyo ilitoweka baada ya miaka michache, kwa sababu stenti huweza kusogea au damu ikavuja pembeni yake, na picha za ufuatiliaji hazikomi maisha yote. Na kwa wale ambao afya yao haikuruhusu tumbo kufunguliwa, stenti haikuwarefushia maisha kwa jumla.

Kwa hiyo muulize bingwa: je, chini ya mishipa ya figo kuna sehemu ya aota isiyotanuka, ndefu ya kutosha kushika stenti? Figo zangu zitastahimili dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha? Kwa watu wa umri na hali yangu, hapa matokeo yakoje? Nikikataa, hatari ya kupasuka mwaka huu ni kiasi gani? Kukataa nako ni uamuzi halali. Albert Einstein, akiwa na miaka 76, alikataa upasuaji mwaka 1955 aneurisimu yake ilipoanza kuvuja. Ila ukatae ukiwa umeelezwa, na wanao wajue.

Waambie pia dalili: maumivu makali ya ghafla tumboni, mgongoni au ubavuni, jasho baridi, kizunguzungu au kuzimia. Hapo ni hospitali yenye upasuaji wa mishipa moja kwa moja, na neno la kwanza mapokezi liwe "ana aneurisimu ya aota." Kama umeamua usipasuliwe hata ikipasuka, iandike na uisaini mapema, maana saa hiyo hutaweza kujieleza. Na ndugu zako wa tumbo moja pamoja na wanao waliovuka miaka 50 wamuulize daktari kuhusu altrasaundi yao, kwani ugonjwa huu hutembea katika ukoo.