Barua kwa shoga yangu wa Lindi

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango, wala sikuona aibu yoyote katika ulichouliza. Umeniambia kwamba muuzaji amekuonyesha vaibreta mbili, vile vifaa vinavyotetemeka vya kujipa raha ya mwili, moja ya waridi, laini na yenye kung'aa kama jeli, na nyingine ya kijivu, iliyoandikwa silikoni kwenye boksi, ambayo bei yake ni karibu mara tatu, na kwamba moyo umekwenda kwenye ile ya waridi. Kabla hujatoa fedha, sikiliza yaliyonipata.

Miaka minne iliyopita nilinunua ya waridi kama hiyo. Ilinuka ndala mpya, nikadhani sabuni itaiondoa harufu, haikuiondoa. Niliifunga katika kanga nikaiweka sandukuni, na joto la Desemba la huku kwetu unalijua. Nilipoifungua baada ya wiki chache nilikuta imetoa jasho la mafuta, imegandamana na chanuo la plastiki lililokuwa kando yake hata meno ya chanuo yamejichora ubavuni, na kanga ina doa ambalo halijatoka hadi leo.

Jasho lile lina sababu. Vifaa vingi vya jeli hutengenezwa kwa PVC, plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji, hivyo hulainishwa kwa kemikali, mara nyingi za jamii ya thaleti, ambazo hazishikamani na plastiki yenyewe bali hukaa ndani yake na kuvuja kidogo kidogo, hasa penye joto. (Sisi tuliobangua korosho tangu utotoni tunajua kwamba kitu chaweza kuwa kizuri kwa nje huku ganda limeficha mafuta yake.) Baadhi ya thaleti huvuruga homoni, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika midoli ya watoto. Isitoshe, jeli ina vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo bakteria na fangasi hujificha mahali ambapo sabuni haifiki. TPE nayo, ile plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, hata isipokuwa na thaleti, ina vitundu hivyohivyo.

Silikoni halisi haina vitundu wala harufu, wala haihitaji kemikali ya kuilainisha. Chuma cha pua, plastiki ngumu ya ABS na kioo cha borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, navyo ni salama. Lakini neno silikoni kwenye boksi lisikutoshe. Uliza kama ni silikoni asilimia 100, kwa sababu wapo wanaoichanganya na TPE na kuliacha jina lilelile. Tangu mwaka 2021 kipo hata kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 3533, na muuzaji anayekifahamu ni wa kusikilizwa.

Vaibreta yenye mota haichemshwi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha uikaushe kabisa. Yenye alama ya IPX7 yaweza kuzamishwa majini, isiyo na alama ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kilainishi cha kujipaka unapokitumia kifaa kiwe cha maji, kwani cha silikoni huweza kuharibu silikoni mwenzake. Na mafuta ya nazi, ambayo wewe unayaamini kwa kila jambo kuanzia nywele hadi kikohozi, yasikaribie kondomu ya mpira endapo utakivika kifaa chako, kwa kuwa huudhoofisha ukapasuka.

Kwa hiyo chukua ya kijivu, ila uinuse kwanza, na ikinuka iache hata hiyo. Muuzaji akikataa kufungua boksi, niandikie nikuulizie kwa mama aliyeniuzia yangu ya sasa, ambayo ina mwaka wa tatu na bado naifunga katika kanga nyeupe.

Wako wa siku zote,
Shoga yako wa Mikindani