Rufaa ya hataza haiongezi kilichosahaulika

Mhariri,

Wako wabunifu hapa Kisumu na Kakamega wanaodhani kwamba maombi ya hataza (patent) yakikataliwa, rufaa ndiyo nafasi ya kujieleza upya. Sivyo. Vifaa vya mwanga vinavyodhibitiwa joto vinaonyesha kwa nini.

Ile chipu inayotenganisha chaneli za faiba (mawimbi ya mwanga yenye urefu tofauti, kila moja likibeba data yake) hupitisha mwanga kwenye vijifereji vya kioo cha silika vilivyochorwa juu ya silikoni. Joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, kila chaneli huhama karibu nanomita 0.011. Ni kidogo, lakini mara nyingi chaneli zenyewe zimeachana nanomita 0.8 tu. Tuseme sanduku la chuma kando ya barabara Kondele, hapa Kisumu, lina nyuzi 18 alfajiri na 58 saa nane mchana: chaneli imehama nanomita 0.44, imeshapita nusu ya njia kwenda kwa jirani. Vijifereji vikiwa vya silikoni yenyewe, nyuzi 10 hivi zatosha kuifikisha huko.

Dawa inajulikana zamani: hita na kipimajoto chini ya chipu. Hita haipoozi, kwa hiyo hupangwa juu ya joto kali kabisa la pale ilipo, mathalani nyuzi 75. Kifaa cha Peltier hupasha na kupooza pia, ila kinahitaji bati la kutolea joto, na umeme kinaula kwelikweli.

Sasa mtu akidai katika maombi yake "kifaa cha mwanga chenye kidhibiti joto", mkaguzi wa ofisi ya hataza atamwekea nyaraka mbili mezani, moja ya chipu, moja ya hita, aseme fundi yeyote angeziunganisha. Marekani unaweza kukata rufaa madai yakishakataliwa mara mbili, lakini tangu uamuzi wa kesi ya KSR wa 2007 katika Mahakama ya Juu ya huko, kujitetea kwamba hakuna waraka uliosema waziwazi ziunganishwe hakutoshi.

Penye hataza ni kwenye kutibu kasoro. Kipimajoto kilichokaa ukingoni husoma joto la ukingo, si la njia ya mwanga. Gundi ikiwa na viputo, upande mmoja wa chipu hupata joto kuliko mwingine, mawimbi hufika yakiwa yamepishana, na chaneli moja huvujia nyingine. Aliyepata unene wa bamba la shaba unaosawazisha joto hilo ana jambo la kudai (asilibane kwa gundi ngumu, shaba hutanuka kuliko silikoni na itaikunja chipu). Lakini unene, aina ya gundi na tofauti ya joto kabla na baada viwe vimeandikwa siku ya kuwasilisha maombi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hairuhusu kuongeza kisichokuwemo. Huko notisi ya rufaa na ada yake ni ndani ya miezi 2 tangu kuarifiwa uamuzi, hoja ndani ya 4. Ada isipolipwa, ni kama hukukata rufaa.

Na kuhusu maonyesho ya Mamboleo hapa Kisumu: Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inamvumilia mbunifu aliyeonyesha kazi yake ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha maombi. Ulaya haina uvumilivu huo, ila kwa hali chache mno. Anayelenga soko la huko awasilishe kwanza, ikiwezekana siku moja kabla ya maonyesho, au angalau asubuhi ileile kabla hajafungua kibanda.

Fundi wa mitandao ya faiba,
Kisumu