Umeleta taa ya ABS, tumekuuzia betri: ngoja tukueleze

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka hapa gereji kwetu Mwanjelwa, Mbeya, amenuna. Alileta Toyota IST ikiwa na taa ya ABS (ya mfumo wa breki), ya injini na ya usukani, zote zimewaka kwa mpigo, na usukani wenyewe umekuwa mzito kama wa Kenta. Tukapima, tukamwambia ni betri. "Fundi, mimi nimekuletea ugonjwa wa dashibodi, wewe unaniuzia betri. Kwani gari haliwaki?"

Si wa kwanza. Kila ikiingia Juni tunayasikia maneno hayo hayo mpaka Agosti, na wengine wanakwenda kutusema huko nje kwamba tuna mzigo wa betri tunataka kuumaliza.

Gari kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima. Betri nzima iliyolala bila kuguswa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 12.0 ni kama robo tu. Mteja akiona tofauti ya nukta nne anacheka. Lakini kipimo tunachokiamini zaidi ni kile cha kupiga stata huku mita imeng'ata teminali. Ile IST ilisoma 12.3 ikiwa imetulia. Mwenyewe alipogeuza ufunguo tukamwonyesha mita: ikaporomoka hadi 8.1, stata ikajikokota mizunguko miwili, ndipo injini ikashika. Hapo haitakiwi kushuka chini ya 9.6.

Sasa umeme ukianguka hivyo, kontrol boksi, yaani kompyuta za gari, zinazoamka wakati huo huo zinapata chakula nusu, na kila moja inaandika kosa lake. Usukani wa umeme ni mlafi kuliko wote, kwa hiyo unagoma mapema. Fundi asiyepima betri kwanza atasoma yale makosa kwenye mashine aanze kukuuzia sensa za magurudumu, moja baada ya nyingine. Sisi tulifunga betri, tukafuta makosa, taa zote tatu zikazima. Hajarudi mpaka leo, kwa kupona au kwa kununa.

Wateja wanauliza mbona Dar gari halikusumbua. Betri inaharibikia kwenye joto: maji yanapungua, sahani za ndani zinaliwa taratibu. Ila kule asubuhi ni ya joto, stata inazunguka kirahisi, ugonjwa haujionyeshi. Ukipanda nalo huku mwezi wa saba, alfajiri ya Uyole oili imekuwa nzito, injini inataka nguvu zaidi, na betri yenyewe jotoridi likikaribia sifuri inakuwa imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Ndipo unasikia ka-ka-ka-ka. Halafu safari zenyewe ni fupi za hapa hapa mjini, Soweto mpaka Kabwe, taa zimewaka, feni ya hita imewaka, redio juu. Altaneta haipati muda wa kurudisha ulichokula wakati wa kuwasha.

Kinachotuuma hasa ni ile njia ya mkato ya kuchomoa teminali injini ikiwa inanguruma, eti kupima kama altaneta inachaji. Magari ya zamani yasiyo na kompyuta yalivumilia. Ya leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaweza kuruka hadi makumi kwa kufumba na kufumbua. Mama mmoja anayeleta mchele kutoka Kyela alifanyiwa hivyo Noah yake stendi, na dereva aliyetaka kumwokolea elfu kumi yetu ya kupima. Gari likazima palepale, halikuwaka tena. Kontrol boksi ilikuwa imekufa na dayodi za altaneta nazo. Tuliitafuta boksi nyingine mpaka Dar, Noah ikalala kwetu wiki tatu, na pesa aliyolipa ingenunua betri nne mpya. Yule dereva hakuchangia hata shilingi.

Kubusti, yaani kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, tunakubali, gari likikwama utafanyaje, lakini tazama alama za chanya na hasi kwa macho yako, usiamini rangi ya waya, maana kuna mafundi wamefunga wowote uliokuwa karibu. Waya wa mwisho, wa hasi, ushike kwenye chuma cha injini ya gari lililozima, mbali na betri, kwa sababu ya gesi na cheche. Maji ya bomba usiweke ndani ya betri. Wala asidi: betri inayotumika hupoteza maji, haipotezi asidi.

Na hiyo elfu kumi. Tunapima betri ikiwa imetulia, tunapima ikipigwa stata, tunapima chaji (tunataka 13.8 mpaka 14.5), halafu tunaangalia kama kuna kinachokula umeme gari limezimwa. Ikizidi miliampia 50 tunachomoa fyuzi moja moja mpaka tumpate mwizi, na mara nyingi ni alamu au redio iliyofungwa na mtu wa mtaani. Hiyo si kazi ya dakika tano. Betri mpya juu ya altaneta mbovu itakufa, na altaneta ya mtumba juu ya betri iliyochoka itaungua kwa kuchaji bila kupumzika. Mzee mmoja wa Tukuyu alikuja na pesa ya betri mkononi kabisa. Tukakuta unga wa kijani umejaa chini ya teminali. Maji ya moto, brashi ya waya, grisi kidogo, akaondoka na pesa yake. Hizo habari hakuna anayezitangaza.

Ukitaka kupimiwa, liache gari jioni lilale kwetu, au tupigie tukufuate nyumbani asubuhi kabla hujaliwasha. Ukija umeliendesha kutoka Mbalizi, betri itakuwa imetoka kuchajiwa njiani, na mita itatudanganya sote wawili.